Sahani Nyeupe Niliyoiosha

Bi Rukia wangu,

Nimekaa kwenye kigoda chako cha nyuma ya duka, kile ulichokuwa unakataza mtu mwingine asikikalie, na naandika. Usinifokee. Kile kingine kimevunjika mguu. Ni saa nane mchana, tumefunga mpaka saa kumi, na jua la Naif limewashinda hata paka wa uchochoroni. Sijawahi kukuandikia kitu zaidi ya vile vikaratasi nilivyokuwa nabandika kwenye vyombo, ukaniambia mwandiko wangu kama kuku kapita juu yake. Basi vumilia na huu.

Nina jambo la kukuambia. Nilipaswa kukuambia ukiwa hai, umelala pale kitandani, na mimi nimesimama mbele yako na kikombe mkononi. Nitafika huko. Nikianza nalo nitalia, na wewe ulikuwa hupendi mtu anayelia huku ameshika vyombo. Kwanza nikupe habari.

Zuhura, binti yako, hajambo. Anakuja dukani siku tatu kwa wiki na siku nyingine niko peke yangu. Ile treni waliyokuwa wanatujengea juu ya vichwa vyetu imeanza kupita. Ulisema hutaipanda hata ukibebwa. Zuhura ameipanda mara mbili na anasema unakaa juu unaona mpaka nguo walizoanika watu. Mimi bado natembea kwa miguu.

Wazungu wengi wameondoka mwaka huu. Kazi zimekatika, wanauza makochi, wanauza magari, na wanauza vyombo, kwa hiyo sisi tumejaa mpaka mlangoni. Wiki tatu zilizopita alikuja mama mmoja Mjerumani na maboksi manne, vyombo vya bibi yake mzaa mama, amevifunga kimoja kimoja kwa magazeti. Kulikuwa na bakuli la supu la maua ya buluu, lile wanaloliita la vitunguu. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kile unachokijua kwamba hivyo si vitunguu, ni makomamanga. Mchoraji wa kwao wa zamani aliyaona kwenye vyombo vya Kichina, naye hakuwahi kula komamanga maishani mwake, akachora alichoweza. Yule mama akanitazama sana. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia nina mtu aliyenifundisha. Nilisema "nina", Bi Rukia, na sikujirekebisha.

Unakumbuka tulivyokutana? Mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye ile hoteli ya Oud Metha, nyuma kabisa, mahali ambapo mteja haruhusiwi kufika. Wewe ulikuwa umetoka kliniki na Zuhura, mkaingia kula. Ukapiga sahani yako kwa ukucha, ukairudisha. Mhudumu akaleta nyingine. Ukaipiga, ukairudisha. Ya tatu nikaileta mwenyewe, nimejaa hasira mpaka shingoni, aproni imelowa, maana nilijua zote ni safi, nimeziosha kwa mikono yangu. Nikakuambia, "Madam, sahani ni sahani."

Arbab wangu, yule tajiri mwenye hoteli na mwenye visa yangu, alikuwa pale kwenye kaunta anasikia. Nilijua nimekwisha.

Ukasema, "Mimi si madam wako, mimi Bi Rukia. Na hizi mbili zina ufa. Lete sikio." Ukapiga ile yenye ufa, ikasema du. Ukapiga ile niliyoileta, ikalia ting, ikaendelea kulia. Ufa wenyewe hauonekani hata ukiutafuta kwa tochi. Ukaniuliza kwetu wapi, nikasema Kitale. "Aa, mtu wa bara," ukasema, kana kwamba hapo umemaliza kila kitu, na ukacheka mpaka ukakohoa. Baada ya mwezi mmoja visa yangu ilikuwa imehamia kwa mume wa Zuhura na mimi niko Naif nakufungulia maboksi. Mpaka leo sijajua ulimwambia nini yule arbab.

Siku ya kwanza uliniwekea vyombo vitatu mezani hata kabla ya chai. Sahani ya njano yenye jogoo, jagi la kijivu, na kikombe cheupe. Ukasema, "Hawa watu watatu, wa makabila matatu. Ukishawajua hawa, wengine wote ni jamaa zao."

Sahani ya jogoo ilikuwa udongo. Imechomwa kwa moto wa wastani, ikavishwa rangi ya kung'aa juu, lakini ndani bado ni udongo na bado ina kiu. Ukaniambia niguse kwa ulimi pale ukingo ulipomeguka. Nikagusa, ulimi ukanata. Chombo cha namna hiyo kikizeeka ngozi yake inapasuka vijistari vyembamba, na mchuzi wowote utakaoutia unaingia humo usitoke tena.

Jagi lilikuwa la udongo wa mawe, zito, lina maua ya buluu, na ukilipapasa lina vipele vidogo kama ganda la chungwa. Wajerumani wa zamani walikuwa wakitupa chumvi ndani ya tanuri moto ukiwa umekolea, na ile chumvi ndiyo iliyolivisha ngozi. Hilo halinywi kitu. Ukiligonga linajibu kwa kifupi, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Halafu ukachukua kikombe, ukakielekeza dirishani, nikaona kivuli cha vidole vyako kupitia ndani yake. Kauri. Udongo mweupe na mawe yaliyosagwa, vimechomwa mpaka vikawa jamaa ya kioo. Ukaniambia Waingereza hutia majivu ya mifupa, ndiyo maana kauri yao ina weupe wa maziwa, lakini ya Mjerumani ina weupe wa baridi, buluu kwa mbali, na kwa kazi ngumu hakuna ya kuishinda. Nikauliza kazi ngumu ya sahani ni ipi zaidi ya kubeba wali. Ukasema, "Utaijua."

Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Usikatae. Nilimlambia sahani yule madam tajiri wa Jumeirah mbele ya macho yake, nikamtangazia ni udongo, kumbe ni kauri yenye vumbi. Akaondoka bila kununua hata kijiko. Ulijifanya umekasirika, lakini nilikuona umejificha nyuma ya kabati unajifuta machozi ya kicheko kwa mtandio.

Na mchezo wetu wa mchana, duka likiwa limefungwa hivi? Mimi nagonga, wewe umefumba macho. Ulikuwa hukosi. Hukuishia kusema ni kauri, ulitaja chombo chenyewe: "Hiyo ya waridi, ile iliyomeguka ukingo." "Hiyo imekuja juzi, sijaizoea, hebu igonge tena." Siku moja nilikuhadaa, nikagonga bilauri ya maji. Ukanirushia kandambili bila kufumbua macho, na ikanipata.

Sasa nije kwenye ile sahani nyeupe.

Ilikuwa kwako nyumbani, Al Ras, kabatini, imefungwa kwa kanga ya zamani. Niliiona mara ya kwanza siku uliyonituma nikuchukulie miwani yako. Nyeupe tupu, kubwa, haina ua, haina mstari wa dhahabu, nyuma yake muhuri wa kijani wa taji na neno Bavaria. Nikaigonga. Sijawahi kusikia sahani ikilia vile. Nikaja mbio na habari zangu kwamba tuiweke dukani dirishani, na wewe ukaniambia kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yako, "Hiyo haiuzwi, mwanangu. Ina kazi yake."

Ukanisimulia kwamba zilikuwa kumi na mbili. Baba yako alizinunua mnadani Unguja, Mjerumani mmoja alikuwa anarudi kwao anauza vya nyumbani. Nyingine zilivunjika mlipokuwa Unguja, nyingine njiani mkija huku, moja aliivunja Zuhura akiwa na miaka mitano na mpaka leo anasema ni paka. Ikabaki hiyo. Kazi yake hukuitaja na mimi sikuuliza. Nilidhani ni ya wageni wakubwa.

Halafu ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba, ngazi za nyumba zikakushinda, ukawa huji dukani. Daktari wa Oud Metha akasema ni moyo, akakupa dawa za rangi zote. Mimi nikifunga saa saba nakuja Al Ras, namsaidia Zuhura kukuogesha na kuosha vilivyopo, narudi kufungua saa kumi. Vile vyombo vya jikoni kwako niliviosha kuliko vya hoteli, na nilikuwa napenda. Ulikuwa unanisikia kutoka chumbani, ukuta wenyewe mwembamba, na ukipata nguvu unaniita: "Taratibu na hicho, hicho udongo!"

Sijui niandikeje sasa. Naandika kama ilivyokuwa.

Siku ile nilimkuta Mwalimu Himidi wa msikitini kwenu anashuka ngazi na kimkoba chake. Tukasalimiana. Nikaingia, mlango wako umeegeshwa, nikasikia Zuhura anakusomea kitu kwa sauti ya chini, nikapita moja kwa moja jikoni. Na pale juu ya meza nikaiona sahani yako nyeupe. Ile. Imejaa michirizi ya njano, imekaukia, kutoka ukingo mpaka ukingo.

Nilikasirika, Bi Rukia. Unajua hasira zangu. Juzi yake Zuhura alikuwa amepika wali wa zafarani, na nikajisemea, ndiyo haya, mama mgonjwa na watu wanachukua sahani yake moja iliyobaki wanalia wali na kuiacha mezani ikauke. Sikuitazama mara mbili. Nikafungua bomba. Nikaipaka sabuni, nikaisugua, nikaisuuza. Ile njano haikushindana hata kidogo, iliondoka yote mara moja, maana kauri hainywi kitu. Na katika kuisuuza ikanitereza ikagonga bomba. Ting. Moyo ukanipasuka. Nikaielekeza dirishani, nikaigeuza, nikaipapasa ukingo mzima. Ilikuwa nzima. Nikamshukuru Mungu wangu, nikaifuta.

Ndipo nikaona vile vitu vingine mezani. Kibakuli cha zafarani iliyorowekwa. Kijiti kilichochongwa ncha. Chupa ya marashi ya mawaridi. Na Zuhura akaniita kutoka chumbani, "Nafula, umefika? Niletee kombe la mama, na marashi."

Nilikuwa nimesikia habari za kombe. Wewe mwenyewe ulinisimulia zamani, kwamba mwalimu anaandika maneno ya Mungu kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, yakikauka yanaoshwa kwa marashi, na mgonjwa anayanywa. Nilisikia, lakini sikuwahi kuliona kwa macho. Mimi ni Mkristo wa Kitale, kwetu tunaombewa kwa kuwekewa mikono. Nikatazama ile sahani mkononi mwangu, inang'aa, na ule mfereji wa maji, na nikaelewa nimemwaga nini.

Ningeweza kusema. Ilikuwa hatua sita kutoka jikoni mpaka kitandani kwako. Mwalimu hajafika hata barabarani, ningemkimbilia, ningemrudisha kwa kumvuta kanzu. Lakini niliogopa. Niliogopa uso wa Zuhura, niliogopa kufukuzwa, na niliogopa zaidi kwamba wewe utasema, huyu mtu wa bara nilimfundisha bure. Nikajibu, "Tulia dada, naliosha huku huku, nalileta." Nikamimina ile zafarani iliyobaki kwenye kikombe, nikatia marashi, nikakoroga kwa kidole. Maji ya njano matupu. Hayana neno hata moja ndani yake.

Nikakuletea.

Ukakaa, Zuhura amekushika mgongo. Ukakitazama kikombe, ukanitazama mimi. Ukasema bismillahi, ukanywa yote, taratibu, mpaka tone la mwisho, ukapangusa mdomo kwa mkono. "Alhamdulillahi," ukasema. "La leo limekolea." Kisha ukanishika mkono, ukaukalisha ndani ya wako. "Mikono yako ina maji, mwanangu." Mimi nikaivuta nikaifuta kwenye nguo, na nikasema narudi dukani, ingawa ilikuwa saa nane na nusu tu.

Uliishi siku kumi na tisa baada ya hapo. Nilizihesabu wakati ule na nimezihesabu tangu hapo, kwenda mbele na kurudi nyuma. Siku ulizoamka na nafuu nilisema moyoni, unaona, haikudhuru kitu. Siku ulizozidiwa nilisema ni mimi. Mara tatu nilikaa pembeni yako nikiwa nimeshaamua. Mara ya kwanza ukalala. Mara ya pili akaingia mgeni. Mara ya tatu ulikuwa macho, tuko wawili tu, unanitazama kama unayengoja kitu, na mimi nikakuuliza kama unataka uji.

Uji, Bi Rukia. Ndivyo nilivyokuuliza.

Siku tatu za matanga niliosha vyombo. Watu walidhani ni unyenyekevu, Mungu anajua. Sikutaka kukaa na wenzangu nikaambiwa pole, kwa hiyo nilisimama kwenye lile bomba, sahani baada ya sahani, na kila anayeleta nyingine nilimshukuru.

Ilipofika arobaini Zuhura akaniletea ile sahani ndani ya kanga yake. "Mama kasema hii yako." Nikamwambia siwezi kuichukua, akae nayo mwenyewe, ni ya mama yake. Akadhani naona haya. Baada ya Idi akaileta tena, nikakataa tena, na safari hii akakasirika kwelikweli. "Wakataa wosia wa mama yangu? Wewe nani?" Jibu nilikuwa nalo na lilikuwa baya, nikageukia maboksi. Tangu hapo tukawa tunasemeshana kazi tu. Boksi hili, mteja yule, khalas. Duka lako likawa kimya, na vyombo vyote vile.

Sasa, habari niliyoiacha ya mwisho makusudi. Zuhura ni mjamzito. Baada ya miaka yote ile. Mimba ina miezi minne na inamsumbua, hali kitu, analala mchana. Wiki iliyopita alikuja dukani, akaketi hapa mbele yangu akiwa ameshika tumbo, akasema Mwalimu Himidi atamwandikia kombe. "Na sahani ni yako. Hutaki kuichukua, shauri yako, lakini siwezi kuitumia bila ruhusa ya mwenyewe. Basi niazime."

Nilishindwa. Niliona sahani ile ile, jikoni pale pale, na mimi nimenyamaza tena. Nikafunga mlango wa duka, nikamwambia yote. Sabuni, bomba, kidole changu kikikoroga, yote. Nilimwambia nikiwa nimesimama, sikutaka kukaa kwenye kiti chenu. Nikasema yuko huru kumwambia mumewe afute visa, nitarudi Kitale, ila anisamehe kama anaweza, na kama hawezi nitaelewa.

Zuhura akaanza kucheka. Akacheka kama wewe, mpaka kikohozi, na kikohozi kikageuka kilio, nikamshika nikadhani nimemuua na yeye.

Akasema, "Mama alijua."

Alisema ulisikia. Umelala chumbani, ukasikia maji, ukasikia ting, ukajua papo hapo ni chombo gani kilichogonga bomba. Kumbe mimi mpumbavu! Miaka minne nakugongea vyombo umefumba macho, na sikufikiri. Ulinywa maji yangu ya uongo ukijua ni maji ya uongo, ukashukuru Mungu juu yake, ili nisiaibike mbele ya binti yako. Kesho yake asubuhi, mimi nafungua duka, ukamwita Mwalimu Himidi akakuandikia lingine kwenye sahani ile ile. Ukalinywa. Kwa hiyo hukulikosa. Siku zako zilikuwa zimefika tu, Zuhura amesema hivyo, na Mwalimu pia.

Nilikasirika, nikuambie kweli. Miezi kumi! Miezi kumi nabeba mzigo ambao ulikuwa umeshautua kabla sijafika Naif siku ile! Nikamuuliza Zuhura kwa nini hamkuniambia. Akasema ulimkataza. Ulisema nikiambiwa nitaanza kuogopa vyombo, na ndiyo kwanza mikono yangu ilikuwa imetulia. Ulisema, "Mwache. Akisema mwenyewe, mwambie nilisikia. Asiposema, mpe sahani yake na umpende hivyo hivyo." Na kuna salamu moja uliyompa aniletee, nayo aliitunza miezi yote hii, mwanamke yule, bila kuitoa hata alipokuwa amenikasirikia: "Mwambie nilipoisikia inagonga nilitega sikio kama imepasuka. Nikasikia iko nzima, nikafurahi, nikajua anajua kuosha."

Nililia wiki nzima, Bi Rukia. Nimelia na vyombo mkononi, samahani. Sijavunja hata kimoja.

Siku ile ulipokuwa unanitazama, tuko wawili, nikakuuliza uji, ulikuwa unangoja niseme. Sasa najua. Nimechelewa, lakini nasema: niliiosha mimi, nikakudanganya, nikakuachia unywe. Nisamehe. Najua umeshanisamehe, lakini ilibidi niombe kwa mdomo wangu, usije ukasema sikulelewa.

Sahani iko hapa magotini, ndani ya kanga. Nimeichukua. Kesho asubuhi naipeleka kwa Zuhura mwenyewe kwa mkono wangu, na Mwalimu ataandika, na mimi nitakaa jikoni niangalie tangu herufi ya kwanza mpaka ikauke, asiisogelee mtu. Mtoto akizaliwa, akikua, nitamwekea watu watatu mezani, udongo, jiwe na kauri, na nitamfundisha kulamba penye vumbi na pasipo vumbi. Nakuahidi hayo. Na nakuahidi kwamba sahani yoyote nitakayoikuta mezani ina njano, iwe kwangu, iwe kwa nani, nitauliza kwanza.

Saa kumi inakaribia, kuna kivuli cha mtu mlangoni. Lala salama, mama yangu wa Naif. Mungu wako na Mungu wangu akuweke mahali pazuri, penye ubaridi.

Kesho Zuhura akishakunywa, nitaiosha ile sahani kwenye lile bomba la Al Ras. Nikimaliza nitaigonga kwa ukucha, mara moja. Tega sikio. Iko nzima.

Mwanao wa bara,
Nafula